Ala Isiyo na Mwili na Haki ya Kujibu: Gĩcaandĩ, Nyatiti na Maadili ya Kuunda kwa Pamoja

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba katika jamii nyingi za Afrika Mashariki neno la wimbo na ala inayoandamana nalo havikuzaliwa mbalimbali. Pamoja na hayo, uhakiki wenyewe umekuwa ukivitenganisha tangu mwanzo. Wataalamu waliwaendea waimbaji wakiwa na daftari, wakaandika maneno, wakayatafsiri na kuyachapisha. Ala ikabaki imetundikwa ukutani kwa mwenyewe, au ikapelekwa makumbusho na kubandikwa nambari. Hata baada ya mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walipotoa hoja, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwamba fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya mtaala na fasihi simulizi ipewe hadhi yake, kilichoingia darasani kilikuwa zaidi matini kuliko milio. Owuor Anyumba alikuwa tayari ameandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti, na ni vigumu kudhani kwamba hakuona ni kiasi gani cha nyimbo hizo kilikataa kuingia katika kurasa.

Leo ala inarudi kwa mlango mwingine. Kompyuta ya kawaida inaweza kuhifadhi mlio wa kila uzi wa nyatiti. Milio hiyo ikapangwa kwenye vibonye vya kinanda, na mtu ambaye hajapata kuigusa nyatiti akaipiga akiwa kitandani mwake. Ala ya namna hii, isiyo na mti wala ngozi wala uzi, aghalabu haiundwi na mtu mmoja. Yupo anayerekodi, yupo anayekata na kusafisha milio, yupo anayeandika programu, na yupo anayechora sura ya ala itakayoonekana kwenye kioo. Kazi hii imewafaa sana wanafunzi, kwa kuwa haihitaji mtaji mkubwa bali muda, masikio na subira ya kushirikiana.

Swali linalochunguzwa na makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi: wanaoshirikiana kuunda ala ya namna hii wanadaiwa nini, na wanaowadai ni nani? Hoja inayotetewa ni kwamba swali la umiliki, ambalo ndilo huulizwa kwanza, ni la lazima lakini halitoshi. Ala ni mahali pa kujibizana kabla ya kuwa mali. Kwa hiyo kipimo cha haki cha ala mpya ni kama imemwachia mwingine nafasi ya kujibu.

Mfano wa kubuni kutoka Waithaka

Ili hoja isielee hewani, ni vema iwekewe mahali pa kukanyaga. Waithaka ipo magharibi mwa Nairobi, katika eneo la Dagoretti, jirani na Riruta na Mutuini. Wakati wa ukoloni nchi hiyo ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, na iliingizwa katika mipaka ya jiji katika kipindi cha kupatikana kwa uhuru. Mashamba ya koo yamegawanywa kizazi baada ya kizazi, na vyumba vya kupangisha vimesimama baina ya migomba na mabanda ya ng'ombe. Wapangaji wametoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko. Si ajabu basi kwamba katika ua mmoja mjukuu wa mwimbaji wa gĩcaandĩ na mjukuu wa mpiga nyatiti wachote maji kwenye mfereji mmoja.

Na wafikiriwe wanafunzi wanne wa mahali hapo. Ni watu wa kubuni, na wamebuniwa kwa ajili ya hoja hii tu. Wa kwanza anasomea umeme katika chuo cha ufundi. Wa pili anajifunza kuandika programu. Wa tatu ni msichana apigaye kinanda kanisani. Wa nne ni mjukuu wa mzee wa Kijaluo apigaye nyatiti. Wenzake wa Kikuyu humwita mzee huyo Guka, kama wanavyowaita wazee wa kwao. Vijana hawa wanakubaliana kuifanya nyatiti ya mzee kuwa ala ya kompyuta. Jumapili moja wanafunga madirisha, wanatandika mablanketi ili kuzima mwangwi, na mzee anakipiga kila uzi kati ya nyuzi zake nane: kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu.

Kufikia jioni yametokea mambo matatu. Kwanza, mzee amekataa kurekodiwa kwa mlio wa pete. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na kwa pete hiyo hugonga ubavu wa ala ili kutunza mapigo huku mikono ikiwa kazini. Nyuzi chukueni, asema mzee, lakini mguu ni wangu. Hata hivyo mlio wa pete umo katika kanda, kwa sababu mzee alipokuwa akijaribu ala aligonga kwa mazoea na mashine ilikuwa wazi. Pili, mpiga kinanda anataka nyuzi zinyooshwe zilingane na kinanda cha kanisa, la sivyo hataweza kuzitumia. Tatu, mwandishi wa programu anataka ala itolewe bure kwa ulimwengu mzima, naye mjukuu ameingiwa na shaka na anafikiria kujitoa.

Kila moja kati ya mambo haya huonekana dogo. Kwa pamoja yanabeba karibu tatizo lote.

Ala kama mahali pa kujibizana

Mara nyingi ala hufafanuliwa kuwa chombo kitoacho mlio wa muziki. Kwa fasili hiyo, programu inayotoa mlio wa nyatiti ni nyatiti ya kutosha. Gĩcaandĩ ya Wakikuyu, ambayo pengine iliwahi kusikika katika masoko ya Dagoretti hii hii, inaonyesha upungufu wa fasili hiyo. Gĩcaandĩ ni kibuyu chenye mbegu au vijiwe ndani, kilichochorwa alama kwa kuchanjwa na kupambwa. Kikitikiswa hutoa mchakacho ambao, ukichukuliwa peke yake, hauna la kumshangaza mtu. Kopo lenye kokoto laweza kuukaribia. Lakini jina gĩcaandĩ halitaji kibuyu peke yake. Hutaja vilevile utungo wa mafumbo unaoimbwa nacho, na utungo huo ni wa kujibizana: mmoja hutega, mwingine hutegua na kutega tena. Alama zilizochorwa humsaidia mwimbaji kukumbuka mwendo wa fumbo. Kibuyu hiki basi ni ala, ni maandishi, na ni mwaliko kwa mpinzani, vyote kwa wakati mmoja.

Kĩmani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya ushairi kama mazungumzo, ameiweka gĩcaandĩ bega kwa bega na ushairi wa Kiswahili wa kujibizana, na kuonyesha kwamba katika mapokeo yote mawili maana haimo mikononi mwa mtunzi mmoja. Huzaliwa baina ya wawili. Dhana ya usemezano, iliyoenezwa na Mikhail Bakhtin kwa kuchunguza riwaya, hapa inaonekana ikiwa hai katika sanaa ya wakulima ambao hawakumngoja Bakhtin. Kwa mtazamo huu, gĩcaandĩ inayopigwa na mtu mmoja chumbani bila wa kumjibu haijakamilika, hata kama kibuyu ni kilekile cha babu na mchakacho ni uleule. Na kinyume chake kinawezekana: chombo kigeni kabisa, kikiwekwa baina ya wawili wanaojibizana kwa haki, huweza kuirithi kazi ya gĩcaandĩ kuliko kibuyu kilichofungiwa kabatini.

Hili hubadilisha namna ya kuuliza juu ya ala ya kompyuta. Lawama ya kawaida ni kwamba haina mwili: haina ngozi inayolegea kwa unyevu, haina uzi unaokatika katikati ya wimbo. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inalenga pembeni. Ukosefu wa mwili ni hasara ya kiufundi, na mafundi huipunguza mwaka hadi mwaka. Hasara ya kimaadili ni ukosefu wa mwingine. Ala iliyopakuliwa haiwezi kumwambia mpigaji kwamba wimbo huu haupigwi mchana, au kwamba amekosea na aanze upya. Mzee aliweza kukataa kurekodiwa kwa pete yake; programu haiwezi kukataa chochote.

Somo la Gatuĩria

Fasihi ya Kenya imekwisha kulitafakari tatizo hili kabla ya kompyuta kuenea. Katika Shetani Msalabani, riwaya ambayo Ngũgĩ aliianza kwa Kikuyu gerezani Kamiti mwaka 1978 na ikachapishwa kwa lugha hiyo mwaka 1980 kabla ya kutolewa kwa Kiswahili, msimulizi ni mpiga gĩcaandĩ. Hasimulii kwa hiari yake tu. Anasihiwa na mama yake Warĩĩnga asimulie, na anasita, kwa kuwa kusimulia aibu ya mtu ni jambo lenye uzito. Msimulizi huyu hasemi mpaka ameombwa, na usemi wake ni jibu.

Ndani ya riwaya hiyohiyo yumo Gatuĩria, mtafiti wa utamaduni katika chuo kikuu, ambaye ndoto yake ni kutunga muziki mkubwa wa taifa utakaokusanya sauti za watu wengi na ala za jamii zote. Ni mradi wa heshima, na haufanani na ule wa vijana wa mfano wetu kwa bahati tu: wote wanataka kuzikusanya ala zilizotawanyika mahali pamoja, ili zipigike pamoja. Ngũgĩ hamdhihaki Gatuĩria. Anamwonyesha akienda kijijini, akiketi na mzee, akisikiliza hadithi, na hatimaye akiukamilisha utunzi wake. Lakini mwishoni, Warĩĩnga anapompiga risasi yule tajiri ambaye ni baba yake Gatuĩria, mtunzi anasimama asijue la kufanya, huku muziki ukimjaa kichwani. Sauti zote za taifa zimo katika utunzi wake, naye anashindwa kuitikia sauti moja iliyo mbele yake.

Wahakiki wengi wamelisoma tukio hili kama hukumu ya kitabaka juu ya msomi anayeyumba, na usomaji huo ni sahihi. Lakini lipo pia somo juu ya ala na ukusanyaji. Gatuĩria aliwaendea wenye sauti kama mtu anayechota kisimani. Alichukua kwa upendo na kwa bidii; hata hivyo, alichokichota hakikumfunga kwa yeyote. Utunzi wake haukuwa na mahali ambapo waliochotwa wangeweza kumjibu, na siku jibu lilipokuja, likaja kwa risasi. Mwanafunzi anayerekodi milio ya mzee yumo hatarini kuwa Gatuĩria mdogo, hasa akiwa na nia njema, kwa maana nia njema humfanya asione haja ya kuulizwa.

Kipimo kilichofichwa

Ombi la mpiga kinanda, kwamba nyuzi zinyooshwe, laonekana kuwa la kiufundi tu. Ndani yake mna historia. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya kielektroniki walikubaliana juu ya utaratibu mmoja wa kuziwezesha ala kuzungumza, uitwao MIDI. Utaratibu huo huipa kila noti nambari, kuanzia 0 hadi 127, na kwa kawaida hatua kutoka nambari moja hadi nyingine husomwa kama nusu toni ya piano: kumi na mbili zilizo sawa katika kila oktava. Hakuna aliyekaa akakusudia kuinyamazisha nyatiti. Walitaka vinanda vyao vifanye kazi pamoja, na wakafaulu sana. Lakini nyatiti huwambwa kwa kufuata sikio na koo la mpigaji, na sauti zake hazina wajibu wa kuangukia kwenye ngazi ya piano. Sauti ya mzee ikiangukia baina ya nambari mbili, mashine huitendea kama kosa la kusahihishwa.

Wapo wanamuziki waliokataa usahihishaji huo. Mwaka 2021 Khyam Allami, mwanamuziki mwenye asili ya Iraki, akishirikiana na studio ya Counterpoint, alitoa programu mbili, Leimma na Apotome, zinazomwezesha mtumiaji kuanza na mfumo wowote wa sauti badala ya kulazimishwa kuanza na ule wa piano. Jambo la kuzingatiwa hapa ni neno kuanza. Hata kabla ya hapo programu nyingi ziliruhusu sauti kupindwa, lakini kwa kuzifanya ziwe mchepuko kutoka kwenye kawaida. Anayeamua kawaida ni ipi ameamua pia nani ni mgeni. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kushangaa, kwa kuwa ameyaona hayo katika mjadala wa arudhi, pale kanuni za bahari moja zilipotumiwa kuzipima tungo za bahari nyingine na kuziona zina kasoro.

Kwa hiyo, katika mfano wa Waithaka, haki haidai kwamba ombi la msichana likataliwe. Kanisa nalo ni mahali pa muziki, na kinanda chake kimekaa Dagoretti muda wa kutosha kuwa mwenyeji. Haki inadai mpangilio: ala ifunguke ikiwa na sauti za mzee, na ngazi ya piano iwe chaguo ambalo mpigaji analifanya akijua analifanya. Tofauti hiyo ni ya kibonye kimoja, lakini ndiyo tofauti kati ya kumtafsiri mtu na kumsahihisha.

Mikono mingi na sheria moja

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayosisitiza idhini ya jamii kabla ya matumizi. Hizi ni hatua kubwa, na kijana anayeunda ala ya kompyuta hana budi kuzijua.

Hata hivyo sheria huzungumza na jamii na mwenye haki, na katika chumba kile cha mablanketi hakuna anayelingana sawasawa na maneno hayo. Mzee si jamii ya Wajaluo. Hakutunga wimbo, alipiga uzi mmoja mmoja, na mlio wa uzi mmoja, ukiutenga na rekodi yake, si rahisi kuuita mali ya mtu. Rekodi ni ya vijana. Programu ni ya kijana mmoja. Kila mmoja akidai chake, mzee aliyewapa vyote huenda akajikuta hana chochote kisheria, na hakuna aliyevunja sheria. Hapa ndipo inapoonekana kwa nini umiliki hautoshi kuwa swali la kwanza. Unagawa kilichokwisha kuchukuliwa; hauulizi kama kuchukua kwenyewe kulikuwa mazungumzo.

Uundaji wa pamoja una njia nyingine ya kujipima. Mwaka 2005 Dan Trueman na Perry Cook waliwakusanya wanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, wakaanzisha okestra ya kompyuta za mapajani. Tatizo lao la kwanza lilikuwa la mahali: sauti za kompyuta zote zikipelekwa kwenye vipaza sauti vikubwa vya ukumbi, hakuna ajuaye nani amepiga nini, na wapigaji wenyewe hawasikilizani. Walimpa kila mpigaji kipaza sauti chake chenye umbo la nusu tufe, kikawekwa karibu naye, ili mlio utoke pale alipoketi. Ni suluhisho la kiufundi lenye busara ya kimaadili. Pale ambapo mlio una mahali, una mtu, na mtu huweza kujibiwa. Wanafunzi wa Waithaka hawahitaji vipaza sauti hivyo ili kuiga busara yake. Ala yao yaweza kuonyesha, kila inapofunguliwa, ni nani aliyepiga nyuzi, wapi, kwa mwambo upi, na nani alifanya kazi gani. Na aliyejitoa aheshimiwe kwa kuondolewa kwa kile alichokileta. Kikundi kisichoweza kumruhusu mmoja wake kujitoa kimekwisha kumtendea kama mlio uliorekodiwa.

Pingamizi mbili

Hoja hii yaweza kupingwa kwa njia mbili zenye nguvu.

Ya kwanza ni kwamba inayapamba mapokeo. Nyatiti kwa desturi ilikuwa ala ya wanaume. Msichana wa mfano wetu, hata angekuwa mjukuu wa damu wa mzee, huenda asingeruhusiwa kuishika. Kompyuta haimwulizi jinsia yake. Je, haki ya mzee ya kukataa si ndiyo iliyowafungia wanawake nje siku zote? Pingamizi hili halipaswi kupuuzwa. Lakini mlango huo haukufunguliwa na mashine peke yake. Eriko Mukoyama, mwanamke kutoka Japani ajulikanaye kwa jina la Anyango, alijifunza nyatiti kwa kwenda kuishi na kujifunza kwa mpigaji mkongwe wa Kijaluo, mpaka akakubaliwa kuipiga hadharani. Desturi ilijibiwa ana kwa ana, nayo ikalegea. Haki ya kujibu haimaanishi kwamba mzee ndiye mwenye neno la mwisho. Inamaanisha kwamba naye hapokonywi neno, wala msichana. Programu humpa msichana milio bila kumpa nafasi ya kumwambia mzee kwamba desturi hii imemwonea; na mzee naye anakosa nafasi ya kubadilika.

Pingamizi la pili ni kwamba mashine na majibizano si maadui. Hili ni kweli, na ushahidi wake uko karibu. Katikati ya miaka ya 1970, katika ushindani wa kiti cha bunge huko Lamu, washairi wa pande mbili walishambuliana kwa mashairi yajulikanayo kama Kimondo, ambayo yalienea kwa kanda za kaseti. Sauti ilitengana na mwili wa mtunzi, ikasafiri kutoka nyumba hadi nyumba, na bado jibu lilipatikana, tena kwa ukali. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya Chemirocha, kiumbe ambaye jina lake limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi hiyo. Santuri ilikuja bila mwili. Wasichana wakaipa mwili wa ajabu na kuijibu kwa wimbo wao. Na mwaka 2014 rekodi za Tracey zilirudishwa kwa jamii zilikorekodiwa, kwa ushirikiano wa maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey na wenzao wa Nairobi, wakiwemo Ketebul Music, shirika ambalo tangu mwaka 2011 limekuwa likirekodi muziki wa asili vijijini kupitia mradi wa Singing Wells.

Mifano hii haiivunji hoja, inaikaza. Kaseti ya Lamu ilikuwa halali kwa sababu kila nyumba iliyoisikiliza ilikuwa na mshairi aliyeweza kujibu kwa kaseti nyingine. Santuri ya Rodgers ilijibiwa, lakini Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, hakupata kulisikia jibu. Rekodi za Tracey zilikaa mbali na wenyewe kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kurudi. Tofauti kati ya mambo haya matatu haimo katika mashine. Imo katika njia ya kurudi: iko wazi, iko nusu, au imezibwa. Anayeunda ala ya kompyuta leo anaichonga njia hiyo, ajue asijue.

Hitimisho

Linabaki suala la pete. Vijana wa Waithaka wana mlio ambao mzee aliukataa. Hakuna atakayejua wakiutumia. Ni mgongo wa sekunde chache katika kanda ya saa tatu. Ala bila pete itakuwa pungufu, na mjuzi wa nyatiti atautambua upungufu huo mara moja. Kwa kipimo cha ukamilifu wa mlio, kuufuta ni hasara tupu.

Kwa kipimo kilichotetewa hapa, kuufuta ndiko kunakoifanya ala iwe ya haki. Na kuufuta kwa siri hakutoshi. Katika picha ya ala kwenye kioo, pale pete inapogonga ubavu, pawekwe kibonye kisicholia, na anayekigusa aelezwe kwamba mpigaji hakuutoa mlio huu, na kwamba anayeutaka aende kuketi na mpiga nyatiti. Hapo ala itakuwa imekiri kwamba si nyatiti, bali ni barua kutoka kwa nyatiti. Mtu wa mbali atakayeigusa atajua kwamba upande wa pili yupo mtu aliyeweza kusema hapana.

Gĩcaandĩ ilikuwa na hekima hiyo katika umbo lake. Kibuyu ni kitupu kwa sehemu kubwa. Utupu huo ndio unaozipa mbegu nafasi ya kulia. Wanafunzi wanaokusanyika kuunda ala kwa kawaida hushindana kuijaza: milio zaidi, vibonye zaidi, uhalisi zaidi. Uhakiki wa fasihi simulizi, ambao kwa miongo kadhaa umejaza makabati kwa maneno ya watu ambao hawakurudi kuulizwa, hauna haki ya kuwahubiria vijana hao kutoka juu. Unaweza tu kuwaonyesha kosa lake wenyewe, na kuwaomba wasilirudie kwa ala.